Mpwa wangu ni daktari bingwa, lakini anazunguka vijijini na mashine ya presha. Hii ni kazi gani?

Mjomba wa Bahi

Mbukwenyi wakuu wote humu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Bahi. Mniwie radhi nikirefusha, ni mazoea ya ubaoni.

Nina mpwa wangu, binti wa dada yangu wa tumbo moja. Alisoma udaktari miaka mitano, ukafuata mwaka wa mafunzo kwa vitendo, akafanya kazi kidogo, akarudi chuoni miaka mitatu mingine akatoka bingwa wa magonjwa ya ndani. Ukoo ulichanga. Ng'ombe walitoka zizini kwangu pia, na sidai. Siku ya mahafali dada yangu alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka, maana sasa mzee yeyote wa ukoo akiugua pa kukimbilia papo.

Leo nasikia binti kaingia kwenye utafiti. Wodini hapo mjini anaonekana siku mbili tatu za wiki, nyingine zote yumo kwenye gari na vijana wenye tableti, mara Chamwino, mara huku kwetu. Wanabisha hodi, wanamuuliza mama wa watu anakula mboga za majani siku ngapi kwa wiki, wanampima presha mara tatu, urefu, kiuno, tone la damu kidoleni, wanaaga. Sijasimuliwa, nimeona. Walipita kijiji cha jirani nikawafuata kusalimia. Nyumba moja wameingia, zinazofuata wamezipita kama hawazioni, wakaenda kuibukia kwa mzee mmoja ambaye hajawahi kulalamika hata mafua. Jirani yake, mama ambaye presha yake inajulikana kijiji kizima, hawakumgusa. Nikamwambia mpwa wangu, mama, mbona mgonjwa mmemruka? Akacheka: "Mjomba, huyo hajachaguliwa."

Naomba kueleweshwa na wenye kujua. Daktari bingwa anawezaje kuwaacha wagonjwa wamepanga foleni akaenda kuwatafuta wazima? Na akikuta presha iko juu, kazi yake ni kuandika na kuondoka? Je, huyu bado ni daktari au amekuwa karani wa sensa? Dada yangu halali.

Gunia Mia, Kibaigwa

Mzee wangu, hukutaja jambo moja tu: mshahara. Kama mradi unalipa, mwache binti azunguke, ng'ombe watarudi zizini.

Wajuzi waje, mimi nakaa pembeni kusoma.

Zamu ya Usiku

Mwalimu, mbukwa. Mimi ni bingwa wa magonjwa ya ndani, niko hapa Dodoma mjini, na kazi ya mpwa wako ndiyo yangu, nimemtangulia tu. Mama yangu naye alilalamika hivyohivyo, ila kwetu kilichouzwa kilikuwa kiwanja. Kwa hiyo nakujibu kama ninavyomjibu yeye.

Tuanze na huyo mzee asiyeumwa, kwa sababu swali lako lote limelala hapo.

Usiku analetwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu. Upande wa kulia hauna nguvu, mdomo umeenda pembeni, anataka kusema neno halitoki. Presha 210 kwa 120. Namuuliza mkewe, alikuwa anatumia dawa gani za presha? Mke ananitazama kama nimemtukana. "Presha? Huyu hajawahi kuumwa. Juzi alikuwa anafyatua tofali." Muulize daktari au nesi yeyote wa wodi ya ndani, atakwambia hayo maneno anayajua kwa moyo. Sasa rudi nyuma miaka mitano. Mtu huyu alikuwa wapi? Alikuwa nyumbani kwake, mzima, halalamiki hata mafua. Alikuwa ndiye huyo mzee wako. Presha haina kidonda wala homa. Inakaa mwilini inakula mishipa, figo na moyo taratibu, na siku inapojitambulisha mimi nimebaki na kazi ya kugeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda vya mgongo.

Yule mama anayejulikana kijiji kizima, huyo ameshajulikana. Kadi anayo, kliniki ya presha anaifahamu. Mpwa wako akiwapima wanaojulikana tu, atarudi na jibu tamu kabisa: kila mwenye presha wilayani anajua kuwa anayo. Wizara itapiga makofi. Na litakuwa jibu la uongo lililopatikana kwa vipimo sahihi.

Kukaa wodini peke yake kunadanganya, Mwalimu. Wodi inakuonyesha waliofika. Waliofika ni wenye nauli, wenye mtoto mjini mwenye simu, wanaoishi karibu na lami. Aliyefia Chipanga nyumbani kwake haingii kwenye kitabu cha MTUHA, kile cha kumbukumbu za wagonjwa, cha hospitali yoyote. Anazikwa, majirani wanasema alianguka ghafla, na wakati mwingine anatafutwa mtu wa kulaumiwa. Hesabu ya wodi haina habari naye.

Na jambo hili wala halijaanza na tableti. Miaka ya 1980 pale Muhimbili alikuwepo Mskoti mmoja, Donald McLarty, profesa wa tiba, bingwa wa magonjwa ya ndani kama sisi. Alikuwa na kliniki ya kisukari iliyojaa. Angeweza kukaa humohumo hadi astaafu. Badala yake yeye na wenzake Watanzania, akina Andrew Swai na Henry Kitange, walikwenda kupima watu vijijini, watu wanaojiona wazima. Walitumia kipimo kamili: unatolewa damu kabla ya kula, unakunywa maji ya glukosi, unasubiri saa mbili, unatolewa tena. Fikiria kuwabakiza watu saa mbili wakati wa shamba! Matokeo ya vijiji sita yalichapishwa mwaka 1989 kwenye jarida la Lancet: wenye kisukari walikuwa takribani asilimia 1.

Kisha mwaka 2012 ukafanyika utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza, watu wa miaka 25 hadi 64, mjini na vijijini. Kisukari asilimia 9.1, shinikizo la juu la damu asilimia 25.9. Utawasikia watu kwenye warsha wakisema kisukari kimepanda mara tisa. Polepole. Umri wa waliopimwa si uleule, kipimo si kilekile, na wa kwanza walikuwa wanavijiji watupu. Kimepanda, sana tu, hilo halina ubishi. Lakini hiyo "mara tisa" mimi siisemi, na mwanafunzi wangu akiisema namrudisha akasome jinsi kila upande ulivyopima. Hiyo nayo ni sehemu ya kazi: kukataa namba nzuri.

Mfano mwingine ambao naupenda zaidi ni wa kiharusi. Kuanzia 1992 ulikuwepo mradi uliokuwa unahesabu kila kifo katika maeneo ya Dar es Salaam, wilaya ya Hai na Morogoro vijijini. Mtu akifa, msaili anakwenda kwa wafiwa muda wa majonzi makali ukishapita, anauliza kwa utaratibu: alianzaje, upande mmoja ulilegea, alipoteza fahamu, ilichukua muda gani. Madaktari wanasoma majibu na kuamua chanzo cha kifo. Vitabu tulivyosomea vilituaminisha kwamba kiharusi ni ugonjwa wa wazungu wazee. Matokeo yalipotoka mwaka 2000 yalionyesha watu wa miaka 15 hadi 64 kwenye maeneo hayo wanakufa kwa kiharusi kwa kiwango kinachozidi cha Uingereza na Wales. Watu wa umri wa kufanya kazi, Mwalimu, na wengi wao hakuna daktari aliyewahi kuwashika mkono.

Baadaye, 2003 hadi 2006, wakafuatilia kila kiharusi kipya Hai na eneo moja la Dar. Ukihesabu kavukavu, Hai walipata wagonjwa wapya 94.5 kwa watu laki moja kwa mwaka, Dar 107.9. Mtu angesema karibu sawa. Lakini Dar imejaa vijana na Hai ina wazee wengi. Ukisawazisha umri, yaani ukihesabu kana kwamba sehemu zote mbili zina mchanganyiko uleule wa vijana na wazee, Hai inakuwa 108.6 na Dar 315.9. Karibu mara tatu! Tofauti yote hiyo ilikuwa imejificha nyuma ya umri wa watu. Daktari wa wodi peke yake asingeiona hata akae zamu mwaka mzima. Na mtu wa takwimu peke yake asingejua kipi ni kiharusi na kipi ni kifafa au malaria iliyopanda kichwani. Ndiyo maana wanamtaka bingwa ndani ya lile gari.

Nimechoka kuandika, nina raundi asubuhi. Swali la "anaandika na kuondoka" nitalirudia.

Karani Mstaafu, Area C

Naomba niongezee kuhusu nyumba kurukwa, maana nimefanya kazi za kuhesabu watu na kaya maisha yangu yote.

Mzee, nchi nzima imegawanywa katika maeneo madogo ya kuhesabia watu. Sensa ya 2022 ilitupa watu 3,085,625 mkoa wetu wa Dodoma. Huwezi kuwapima wote. Kwa hiyo yanachaguliwa kwanza maeneo, yenye watu wengi yakiwa na nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa. Ukifika eneo lililochaguliwa unaorodhesha kaya zote, kila moja, hata ile ya bibi anayeishi peke yake nyuma ya mbuyu. Halafu unachukua kaya kwa nafasi zilizopangwa, na ndani ya kaya tableti inamchagua mtu mmoja.

Kwa nini asiachiwe kijana achague mwenyewe? Kwa sababu namjua kijana. Ataingia nyumba zenye kivuli, zilizo karibu na gari, zisizo na mbwa. Mwisho wa siku utakuwa umepima afya ya watu wenye miti.

Na wanaume! Ukienda saa nne asubuhi utawakuta kina mama tu. Baba yuko na ng'ombe au shambani. Kijana mvivu ataandika "hayupo" na kumchukua mkewe. Msimamizi anayejua kazi anawarudisha jioni, na tena asubuhi kabla jua halijatoka. Ukiona gari la mpwa wako linazunguka kijijini magharibi usidhani wamepotea njia.

Mjomba wa Bahi

Nawashukuru sana. Daktari, hilo la mwanamume anayefyatua tofali limenigusa, tumezika wa namna hiyo hapa.

Lakini sijatoka kwenye swali langu. Kuna mama hapa kwetu alipimwa zamani na watu wengine kabisa, wakachukua damu ya mkononi, chupa mbili. Majibu hakuyapata mpaka leo. Watu wakaanza kusema damu inauzwa. Sasa mpwa wangu akija na gari lake anabeba na jina baya la wale. Wanamheshimu kwa sababu ni mtoto wa hapa, ila maneno yapo.

Zamu ya Usiku

Mwalimu, na nikwambie maneno hayo yana sababu, siyo ujinga wa watu. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi kwenye mradi mmoja, siutaji, ambao ulikusanya damu kijijini, ukaenda zake, na mwaka uliofuata wakaja wengine na fomu zilezile wakashangaa milango imefungwa. Wenye mradi wakaandika kwenye ripoti kwamba jamii ina "mwitikio hafifu". Jamii ilikuwa inadai majibu yake!

Utaratibu ulivyo ni huu. Utafiti wowote wa afya unaogusa watu unatakiwa uwe na kibali cha maadili, na kwa kazi kama hizi kinatoka NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979. Baada ya hapo barua zinashuka: mkoa, halmashauri, kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Nyumbani unasomewa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, na penye mzee wa Kigogo kitupu anatafutwa wa kumfafanulia. Asiyejua kuandika anaweka dole gumba mbele ya shahidi asiyekuwa mtu wa mradi. Nakala moja inabaki kwake. Kwenye nakala hiyo kuna namba za simu, ya mtafiti mkuu na ya kamati ya maadili. Yule mama kama bado ana karatasi yake, ampelekee mtendaji wapige simu. Na ana haki ya kukataa katikati ya maswali bila kunyimwa huduma zahanati. Wengi wanasaini huku wanaogopa kwamba wakikataa nesi atawanunia. Mtafiti mwenye akili analisema hili mapema, kabla ya kutoa mkanda wa presha kwenye begi.

Kuhusu kuandika na kuondoka: hapana. Presha inapimwa mara tatu kwa sababu ya kwanza mara nyingi ni presha ya kuona gari mlangoni. Mtu anakaa, anapumzika dakika tano, miguu imekanyaga chini, mkono umeegemezwa usawa wa moyo, haongei. Tunachukua wastani wa kipimo cha pili na cha tatu. Vikifika 140 kwa 90 au zaidi, anapewa karatasi ya rufaa kwenda kituo cha karibu kurudia vipimo siku nyingine, maana ugonjwa hautangazwi kwa siku moja. Kwenye timu yangu ikifika 180 kwa 110 hatusubiri karatasi, tunapiga simu kituoni palepale, na mwenye dalili mbaya anapanda gari letu. Hapo mpwa wako anarudi kuwa daktari wa kawaida kabisa, na vijana wenye tableti wanasubiri.

Jirani anayelilia kupimwa, nasi tunampima. Jina lake haliingii kwenye utafiti, ila mkono wake unaingia kwenye mkanda. Muulize mpwa wako, nakuhakikishia alimpima yule mama baada ya wewe kuondoka.

Kinachoniuma mimi ni kingine. Unamwandikia mtu rufaa, anakwenda zahanati, mashine ya presha haina betri au dawa zimeisha, anaambiwa anunue duka la dawa. Ananunua za mwezi mmoja. Anajisikia mzima, anaacha. Huyo ndiye atakayeletwa kwangu usiku. Kwa hiyo siku hizi tukifanya utafiti tunaanza kwa kuuliza zahanati ya pale ina nini, na hilo tunaliandika kama tunavyoandika presha ya mtu. Wapo wenzangu wanaoona si sayansi. Waje zamu ya usiku.

Afisa Tabibu, Chemba

Nimeusoma uzi tangu juu, niseme kidogo kutoka huku kwetu, maana mnaongelea presha tu wakati Dodoma ina mfano wake mwenyewe mkubwa.

Mwaka 2016, katikati ya mwaka, mahindi yakiwa yameshavunwa, watu walianza kuumwa katika wilaya za mkoa wetu na jirani zetu Manyara. Macho ya njano, kutapika, tumbo kujaa, wengine wakapoteza fahamu. Magazeti yakaandika ugonjwa usiojulikana. Mgonjwa mmoja akiletwa mbele yako unafikiria kama ulivyofundishwa: homa ya ini ya virusi, homa ya manjano, dawa za miti shamba, pombe. Ini limeharibika, hilo unaliona. Limeharibiwa na nini, kitanda hakikwambii.

Kilichofungua fundo ni kwenda majumbani na kulinganisha. Nyumba yenye wagonjwa na nyumba isiyo na wagonjwa, mnakula nini, mahindi ni ya kwenu au ya kununua, mlianikia wapi, mmehifadhi vipi. Mahindi yaliyolimwa na kutunzwa nyumbani ndiyo yaliyokuwa na sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu wa nafaka, tena kwa viwango vya kutisha, na damu za wagonjwa zikathibitisha. Kiwango kinachoruhusiwa nchini ni mikrogramu 5 kwa kilo kwa ile sumukuvu aina ya B1. Waliohesabiwa kuugua walikuwa 68, waliofariki 20.

Hapo nani alikuwa na kazi ya maana, daktari wa wodini aliyesema hili ini si la virusi, au waliopita nyumba kwa nyumba wakiuliza habari za ghala? Mimi nasema ondoa mmoja na ugonjwa ungebaki na jina lake la magazetini.

Siku hizi mgonjwa wa manjano akija swali langu la pili ni chakula kimetoka wapi. Sikufundishwa chuoni hilo, nimelipata kwa yaliyotokea hapa.

Gunia Mia, Kibaigwa

Hapo mmenigusa, mimi ni mtu wa mahindi. Tangu wakati ule wanunuzi wakubwa wanapima kabla ya kushusha. Tunanung'unika lakini tunaelewa. Shida ni mkulima mdogo, ile punje nzuri anatuletea sokoni, iliyooza pembe anabaki nayo yeye na watoto. Tena nyingine ukiiangalia kwa macho ni nzima kabisa.

Binti wa Mlanga, Kongwa

Sisi Kongwa tumezoeana na watafiti tangu miaka ya 1980, walikuja kwa ajili ya vikope. Bibi yangu alikuwa anawaita "watu wa macho". Wao hawakukaa hospitali kusubiri vipofu. Walikwenda vijijini kuangalia nyuso za watoto, nani ana tongo, nani ana inzi, maji yako umbali gani, mama anaamua vipi maji ya ndoo moja yaende wapi. Majaribio ya kunawisha watoto nyuso yalifanyika hapahapa kwetu, yakachapishwa 1995, na leo nchi nyingine zinafundisha unawaji uso kwa kutumia matokeo ya watoto wa Kongwa. Watoto wenyewe wamekua, wengi hawana habari.

Hilo la mwisho ndilo lawama yangu. Mtu akijifunza kitu kwetu arudi atusimulie.

Zamu ya Usiku

Binti wa Mlanga, lawama imepokelewa, na siyo ya kujibiwa kwa maneno. Mkutano wa kijiji wa kurudisha matokeo unatakiwa uwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, kama mafuta ya gari. Usipokuwemo hautafanyika.

Mwalimu, ngoja nikuongezee moja la kwako wewe, kwa kuwa uko Bahi na nina hakika unakula mlenda.

Dodoso za kimataifa zina swali la chumvi: unaongeza chumvi mezani mara ngapi, unatia wakati wa kupika mara ngapi. Mama wa Kigogo anajibu kwa uaminifu, chumvi kidogo tu. Kijana anabonyeza tableti, "kidogo", wanaendelea. Hakuna aliyemuuliza magadi. Mlenda bila magadi wengi hawauli, na magadi yana sodiamu kama chumvi ilivyo na sodiamu. Kama yanapandisha presha sawasawa na chumvi ya mezani hilo ni suala jingine, kemia yake si moja. Lakini dodoso lisiloyataja magadi, kwa mkoa huu, limeacha chungu kizima nje. Na maji je? Visima vingi vya huku vina maji ya chumvichumvi, watu wanaogea na kupikia hayohayo. Mtu aliyeandika dodoso Geneva hawezi kujua. Mtaalamu wa takwimu wa Dar hawezi kujua. Binti wa Bahi aliyelelewa kwa mlenda, halafu akasoma figo na mishipa kwa miaka minane, huyo anajua. Sijui wangempata wapi mwingine.

Mjomba wa Bahi

Daktari, nimecheka peke yangu hapa. Nimempigia dada sasa hivi nikamuuliza anatia magadi kiasi gani kwenye mlenda. Kanijibu, "Ya kutosha." Nikamwambia utafiti hautaki ya kutosha, unataka kijiko. Anasema hajawahi kupima tangu aolewe, anatia kwa mkono.

Sasa mtapimaje mkono wa mtu?

Zamu ya Usiku

Hilo mnaweza kulitatua nyumbani. Mpe mzani mdogo wa jikoni. Apime bakuli la magadi kabla ya kupika na baada ya kupika, tofauti ndiyo mkono wake. Afanye hivyo kila akipika mlenda kwa wiki nzima, maana mkono wa Jumatatu si wa Jumapili wageni wakija. Aandike pia ni watu wangapi wamekula kwenye chungu hicho. Nasi kwenye kaya tunaweza kufanya vilevile, na kwa wachache tukaomba mkojo wa saa ishirini na nne, ambao unaonyesha sodiamu iliyopita mwilini hata kama mtu hakumbuki alichokula. Kuwapata watu wanaokubali kutembea na dumu la mkojo siku nzima, hiyo ndiyo kazi inayohitaji heshima ya mtoto wa nyumbani.

Na wewe Mwalimu, umri wa kustaafu umeshafika, presha yako ulipima lini?

Mjomba wa Bahi

Nitakwenda zahanati Jumatatu. Mzani nimemwagiza kijana wa bodaboda, kasema mjini anaupata.